Propela Isiyouzwa

Nililichora mwenyewe:
mabawa matatu meusi juu ya njano,
nikaligongomea kwenye uzio wa karakana pale Luchelele,
ambako feri ilikuwa ikiunganishwa kipande kwa kipande,
tako kwenye mawe, pua ziwani.

Siku ya pili akaja Bwire, fundi wa injini za mitumbwi,
akavua kofia, akaniuliza:
"Hiyo propela, bosi, mnauzaje?"

Nilicheka. Kucheka hakukuwa kosa.
Kosa ni kwamba nilicheka nikaenda zangu.
Chini ya mabawa nilikuwa nimeandika Kizungu,
herufi zimenyooka, nimezipima kwa rula,
kana kwamba mionzi huona haya kutajwa kwa Kiswahili.

Wiki tatu bango likakaa, chanzo hakijafika.
Kasha la risasi (risasi ya kuzuia, si ya kuulia)
lilikuwa njiani, linangoja karatasi na mihuri.
Bango likaonya upepo.
Likaonya korongo waliokuja kuokota matumbo ya samaki.
Mbuke, mwanika dagaa, ambaye njia yake ya mawe ya kuanikia
inakata hapo tangu karakana haijazaliwa,
akaninginiza kitenge juu ya misumari yangu,
halafu sweta ya mjukuu.
Nilipita kila asubuhi. "Mwangaluka, mayu."
Akaitikia. Wala sikuligusa bango.
Hivyo ndivyo nilivyomfundisha, siku ishirini na moja,
kwamba njano ni rangi tu.

Usiku wa kazi ukafika.
Tukabandika filamu kwenye mishono ya chuma,
Lutema akazungusha mkono wa mtambo,
punje ikatoka kwenye kasha,
ndogo, kama kitu cha kuchokoa jinoni,
ikaanza kuchungulia ndani ya feri.
Haina harufu. Haina moshi. Haikohoi ikikuona.
Tuliambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu;
hii haivunji guu.
Laiti ingevunja, tungesikia mlio.

Kisha nikaona tochi.
Mbuke, beseni kwapani, anainama chini ya kamba
kama anavyoinama siku zote,
anafuata kitenge chake.

"Rudi!"
Neno moja kwa wawili, kwa punje na kwa mama,
na hadi leo sijui nilimtangulizia nani.
Punje ilirudi kwanza.
Kipimo kifuani mwangu kikapunguza kelele,
tik, tik,
kikanyamaza.

Nilipiga hesabu chini ya taa: hatua, sekunde, umbali.
Chini ya kiwango. Nikarudia. Chini ya kiwango.
Mara ya nne kalamu ilikuwa inateleza kwa jasho.

Asubuhi nilimweleza yote. Hakunigombeza.
Alichagua dagaa wawili waliovunjika, akawatupa, akasema:
"Mbwa akibweka mchana kutwa kwa kivuli chake,
usiku akibweka, nani atatoka?"

Nililisugua bango kwa petroli na tambara.
Nikaandika: MIONZI. HUIONI. USIVUKE.
Nikachora mtu anayekimbia, miguu mirefu kupita kiasi,
Bwire mwenyewe alikuja kuniambia anafanana na kuku,
lakini hakuuliza bei.
Misumari nikaing'oa, nikaweka ndoano:
bango linatoka na kasha, linalala na kasha.
Na jioni za kazi nikapita mlango kwa mlango
na Kisukuma changu cha kuungaunga,
watoto wananifuata wakinisahihisha.

Juzi nilichelewa.
Kasha limefungwa, taa nyekundu imezimwa,
mimi na Lutema tunakunywa chai, bango tumelisahau.
Nilipotoka, jua lilikuwa limeshapanda juu ya maji,
na Mbuke amesimama nje ya kamba,
dagaa wabichi kwenye beseni, nzi wameanza kujua.

"Mayu, mbona hukupita? Tumemaliza kitambo."

Hakunijibu. Alielekeza mdomo kwenye njano,
kama mtu anayekuonyesha mgeni aliyeketi.

Nikalitungua, nikalibana kwapani.

Ndipo akapita.